Mto Nairobi: Uchafu wa Kiwanda Huzuiwa Mlangoni

"Kwani Nairobi yatuhusu nini sisi watu wa Jego? Wao wana mto wao, na sisi tuna Umba wetu."

Swali hili alituuliza mama mmoja wa kikundi cha kina mama, siku tuliyokaa pamoja chini ya mwembe kuzungumza juu ya maji. Wenzake walicheka, lakini swali lake ni zuri na lastahili jibu. Basi ndugu msomaji, hebu tuufuate Mto Nairobi tangu chanzo chake hadi mwisho wake. Tukifika mwisho tutaona kwamba mto huo unakuja kwetu Pwani, na kwamba yaliyoupata yaweza kuupata mto wowote, hata Umba.

Mto waanza safi

Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai, maana yake maji baridi. Kabla ya reli kufika mahali hapo mwaka 1899, Wamaasai walinywesha ng'ombe wao hapo. Mto Nairobi waanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Maji ya huko juu yangali maji ya mto kama tunavyoijua mito.

Mto huu una ndugu zake wawili. Wa kwanza ni Mto Ngong, unaopita kando ya Kibera, ukaingia Bwawa la Nairobi, kisha ukashuka katikati ya mtaa wa viwanda na vijiji vya Mukuru. Wa pili ni Mto Mathare, unaopita mabonde ya Mathare na Korogocho. Yote mitatu hukutana upande wa mashariki ya jiji, na mwisho huingia Mto Athi.

Athi nao hausimami. Wapita maporomoko ya Fourteen Falls chini ya Kilimambogo, wateremka nchi kavu ya Ukambani ambako watu hunyweshea mashamba na mifugo, waingia mbuga ya Tsavo. Huko wakutana na Mto Tsavo, na jina labadilika kuwa Galana. Ukifika nchi ya Wagiriama waitwa Sabaki, na huingia baharini kati ya Malindi na Mambrui. Ni mto wa pili kwa urefu katika Kenya, baada ya Tana.

Sasa mama, jibu lako ni hilo. Hata maji ya bomba yanayonywewa Malindi, Kilifi na Mombasa, sehemu kubwa yatoka visima vya Baricho, vilivyochimbwa kwenye mchanga wa kando ya Sabaki. Mchanga ule ni chujio kubwa la asili, na tuushukuru. Lakini mtu mwenye akili hategemei chujio huku akiacha mlango wa choo wazi juu ya kisima.

Uchafu watoka wapi?

Tusikidanganye kikundi. Si uchafu wote wa Mto Nairobi unaotoka viwandani. Mwingi ni majitaka ya majumbani, kwa sababu jiji limekua kuliko mabomba yake. Familia nyingi huishi mabondeni bila vyoo vya kutosha, na takataka zisizozolewa huishia mtoni.

Lakini uchafu wa kiwanda una tabia yake, na ndio tunaotaka kuueleza leo. Watoka kwenye vichinjio, kama vile vya upande wa Dagoretti. Watoka kwenye viwanda vya ngozi, vya nguo, vya rangi, vya sabuni, vya vyakula na vya vyuma. Watoka pia kwa mafundi wadogo wa jua kali, katika gereji za Grogan na karakana za Gikomba, ambako oili chafu na maji ya betri humwagwa chini, na mvua ikinyesha husombwa hadi mtoni. Kiwanda kikubwa na fundi mdogo, wote wawili hutumia njia moja: mteremko wa maji.

Ukitaka kuona kazi ya uchafu huo, fikiria Bwawa la Nairobi. Lilijengwa mwaka 1953, na watu walikuwa wakiendesha mashua za matanga kwa starehe juu yake. Baadaye lilijaa matope na gugu maji. Gugu maji hupenda maji yenye mbolea ya uchafu, kama magugu ya shamba yanavyopenda samadi.

Aina nne za uchafu wa kiwanda

1. Uchafu unaokula hewa. Samaki huvuta hewa iliyomo ndani ya maji. Hewa hiyo ni kidogo sana. Lita moja ya maji ya mto, katika joto kama letu la Pwani, hubeba kama miligramu 8 tu za hewa ya oksijeni. Damu, mafuta ya wanyama, maji ya kuoshea miwa au matunda, yote hayo ni chakula cha vijidudu. Vijidudu wakila huvuta hewa ya maji, kama watu wengi waliojifungia chumba kidogo. Lita moja tu ya damu ya ng'ombe ikioza mtoni yaweza kumaliza hewa ya lita zaidi ya 10,000 za maji, yaani mapipa 50 yale ya lita 200. Hapo maji hugeuka meusi, hunuka kama mayai viza, na samaki hufa au hukimbia. Hakuna aliyewatilia sumu. Wamekosa pumzi tu.

Uchafu wa namna hii una nafuu moja. Ukikoma kumwagwa, mto waweza kujisafisha wenyewe, kwa sababu maji yakikimbia juu ya mawe huchanganyika na hewa mpya.

2. Mafuta na oili. Oili hutandaa juu ya maji kama ngozi nyembamba yenye rangi za upinde wa mvua. Hewa haiingii, na mwanga hupungua. Tena hushika kwenye mizizi ya mimea na mapezi ya samaki. Usidharau kopo moja la oili ya pikipiki. Oili kidogo hutandaa mahali pakubwa.

3. Madini mazito. Hapa pana hatari ya kweli. Risasi hutoka kwenye betri na rangi za zamani, kromiamu hutoka kwenye viwanda vya ngozi, na zebaki hutumiwa na baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Madini haya hayaozi. Hayafi. Leo yamo majini, kesho yamo kwenye matope, keshokutwa yamo kwenye mchicha ulionyweshwa maji hayo au kwenye mwili wa samaki. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, mkubwa huliwa na mtu, na sumu kama zebaki huzidi kila hatua.

Wajapani walijifunza jambo hili kwa uchungu. Katika mji wa wavuvi wa Minamata, kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba kwa miaka mingi. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitangazwa: watu walitetemeka, walishindwa kusema na kutembea, na watoto walizaliwa na ulemavu. Walikuwa wamekula samaki wa kwao, samaki waliokuwa wakionekana wazuri kabisa. Kiwanda kiliendelea kumwaga hadi mwaka 1968.

4. Asidi, magadi, rangi na maji ya moto. Asidi huunguza, na magadi makali huunguza vilevile. Rangi ya viwanda vya nguo huzuia jua kufika kwa mimea ya majini. Na maji ya moto, hata yakiwa safi, yana hewa kidogo kuliko maji baridi, kwa hiyo huwakosesha samaki pumzi.

Je, tukichemsha?

Hapa ndipo watu wengi hukosea, basi tusome polepole.

Tumefundishwa miaka mingi kuchemsha maji ya kunywa, na mafundisho hayo ni ya kweli. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Dawa ya klorini nayo huua vijidudu vingi. Tuendelee kufanya hivyo.

Lakini risasi si kijidudu, haina uhai wa kuuawa. Ukichemsha maji yenye risasi, maji hupungua kwa mvuke na risasi hubaki sufuriani. Kwa hiyo kile kilichobaki kina risasi nyingi zaidi kwa kila kikombe. Ni kama mchuzi wa chumvi: ukiuacha motoni sana, chumvi huzidi. Kuchuja kwa kitambaa hakusaidii pia, kwa sababu madini yaliyoyeyuka hupita kwenye kitambaa kama sukari inavyopita kwenye chujio la chai. Na usiyaamini macho. Maji yenye risasi yaweza kuwa meupe, matamu, yasiyo na harufu.

Basi tukumbuke neno hili moja: uchafu wa kiwanda huzuiwa mlangoni kwa kiwanda, kabla haujaingia mtoni. Ukishaingia, mama aliye na sufuria na kuni hana uwezo wa kuutoa. Gharama imeshahamishwa kutoka kwa mwenye kiwanda ikaja kwa mama.

Watoto wa Dandora

Kando ya Mto Nairobi, Dandora, liko jaa kubwa la takataka za jiji. Lilifunguliwa miaka ya sabini. Huko zilitupwa taka za majumbani, za hospitali na za viwanda, zote pamoja. Mwaka 2001 ilisemekana limejaa, lakini malori yaliendelea kuja.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Nairobi hapo hapo, lilitangaza matokeo ya uchunguzi. Watoto 328 wa karibu na jaa walipimwa. Nusu yao walikutwa na risasi katika damu kwa kiasi kilichofika au kupita kile kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Udongo wa pale nao ulikutwa na madini mazito.

Risasi humfanya nini mtoto? Huingia ubongoni unapokuwa ungali unakua. Mtoto hashiki masomo vizuri, hukasirika upesi, hupungukiwa damu. Akipata nyingi sana hupata kifafa, hata kufa. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Na mwalimu asiyejua hilo atamwita mtoto huyo mvivu.

Mbona mto umesafishwa mara nyingi?

Ndiyo, umesafishwa. Mwaka 1999 ulianza mpango wa bonde la Mto Nairobi ukisaidiwa na Umoja wa Mataifa. Mwaka 2008 marehemu John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira alishika kazi hiyo kwa mkono mkali, na sehemu ya mto karibu na katikati ya jiji ilipata nafuu iliyoonekana kwa macho. Bustani iliyopo hapo hadi leo yaitwa kwa jina lake. Mwaka 2019 NEMA, yaani mamlaka ya taifa ya mazingira, ilifunga viwanda kadhaa vilivyokutwa vikimwaga majitaka. Mwaka 2022 iliundwa tume ya mito ya Nairobi, na mwaka 2025 serikali ilizindua mpango mwingine mkubwa wa kuufufua mto.

Kila mara vijana wametoa matope na mifuko ya plastiki kwa jasho jingi. Hiyo ni kazi njema. Lakini kama bomba la juu lingali linamwaga, kazi hiyo ni kama kudeki nyumba huku paa lavuja. Ukimaliza chumba hiki, kile kimelowa.

Tena si kwamba haiwezekani. Mto Thames wa London ulikuwa ukinuka vibaya mwaka 1858 hata wabunge wakashindwa kukaa bungeni. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1957, wataalamu walisema sehemu yake ya mjini imekufa, haina samaki. Leo una samaki wengi, na sili huonekana. Waingereza hawakuufufua kwa kuchota uchafu kwa ndoo. Walijenga mitambo ya kusafisha majitaka na wakavibana viwanda visimwage. Walianza mlangoni.

Sheria yasema nini?

Kenya haina upungufu wa sheria. Sheria ya mazingira ilipitishwa mwaka 1999, na kanuni za usafi wa maji zilitolewa mwaka 2006. Hakuna kiwanda kinachoruhusiwa kumwaga majitaka mtoni bila leseni, na majitaka hayo lazima yawe yamesafishwa hadi kiwango kilichowekwa. Kwa mfano, uchafu ule unaokula hewa haufai kuhitaji zaidi ya miligramu 30 za hewa kwa kila lita. Ukikumbuka hesabu yetu ya damu, utaona kwamba kichinjio hakiwezi kufikia kiwango hicho bila kukinga damu kando na kuwa na mabwawa ya kusafishia maji.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, yampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 chasema mtu akiona haki hiyo yavunjwa aweza kwenda mahakamani, na wala halazimiki kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Maana yake ni kwamba huhitaji kungoja mtoto wako augue ndipo useme.

Je, wanyonge waweza kushinda? Tutazame hapa hapa Pwani, katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kiliwekwa kikipakana na nyumba za watu. Moshi ulitoka, na maji ya kiwanda yalitiririka kijijini. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi kiwandani humo, alikuta mtoto wake ana risasi mwilini. Alianza kusema, majirani wakaungana naye. Walipiga kelele, waliandika barua, wengine walitiwa ndani. Mwaka 2014 kiwanda kilifungwa. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo, lakini Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirudisha. NEMA yenyewe ilikuwa miongoni mwa waliotakiwa kulipa, kwa sababu haikuzuia mapema.

Ushindi ni ushindi. Hata hivyo, tuhesabu miaka: kumi kamili tangu kiwanda kufungwa hadi hukumu ya mwisho. Na hukumu haitoi risasi kwenye mifupa ya mtoto. Ndiyo maana tunazidi kusema: mlangoni, kabla.

Na sisi wa Umba?

Mto wetu haujapita mtaa wa viwanda kama wa Nairobi. Hilo ni jambo la kushukuru, wala si la kutulalisha. Umba waanzia milima ya Usambara huko Lushoto, Tanzania, wateremka nyika ambako watu hulima na kuchimba vito, wavuka mpaka upande wa Lunga Lunga, na kufika kwetu Jego na Vanga kabla ya kuingia baharini. Sisi tuko mwisho wa mto. Aliye mwisho hupokea kila alichokitupa aliye juu: udongo, dawa za mashamba, oili, na kesho pengine kitu kingine. Tena Umba ukifurika hauachi maji mtoni, huyaleta hadi mashambani na milangoni. Forodha huzuia magari pale Lunga Lunga, lakini maji hayaonyeshi pasipoti.

Tena mwisho wa mto wetu ni mikoko. Matope ya mikoko hushika uchafu na kuuweka. Ndimo wanamokulia kamba, kaa na samaki wengi tunaowavua wakishakua. Chaza naye huchuja maji mengi ili apate chakula, na madini yaliyomo humbakia mwilini. Mikoko ikipokea sumu, meza zetu zapokea pia.

Wilaya yetu ya zamani, ambayo sasa ni kaunti, yajua viwanda. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988, na baadaye sukari ikarudi kwa kampuni nyingine. Madini ya titani yalichimbwa upande wa Msambweni tangu mwaka 2013 hadi 2024. Hatusemi hapa kwamba huyu au yule amechafua. Twasema kwamba viwanda vimekuja na vitazidi kuja, na vijana wetu wazihitaji kazi hizo. Kazi na maji safi si maadui. Kiwanda kinachosafisha majitaka yake huajiri watu wa kuendesha mtambo huo pia. Lililo muhimu ni kuuliza swali mapema, siku ya baraza la kwanza, si siku samaki wameelea.

Kikundi kifanye nini?

1. Uutembeeni mto. Chagueni siku, wazee kwa vijana, mtembee kando ya mto na vijito vyake. Choreni ramani kwenye karatasi kubwa: wapi twachota, wapi twafulia, wapi mifugo hunywa, wapi pana gereji, kichinjio, jaa, shamba linalopigwa dawa. Wazee waeleze samaki gani walikuwapo zamani na sasa hawaonekani.

2. Wekeni daftari. Katibu aandike kila juma: tarehe, saa, rangi ya maji, harufu, povu, mafuta, samaki au vyura waliokufa. Chukueni ndoo nyeupe, mchote mahali pale pale kila mara, mtazame. Piga picha kwa simu. Mtu akisema "maji yalikuwa mabaya siku moja" hasikizwi. Daftari la miezi sita husikizwa.

3. Tazameni viumbe wadogo. Mto wenye vyura, samaki wadogo na wadudu wa namna nyingi chini ya mawe na majani, huo una afya. Mto wenye minyoo myekundu na matope meusi tu umepungukiwa hewa. Lakini kumbukeni, madini hayaonekani kwa njia hii.

4. Ombeni kipimo. Mkiwa na shaka, nendeni kwa afisa wa afya ya umma au ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Ulizeni mapema chupa gani itumike na gharama ni kiasi gani, ili mwekahazina ajipange. Msionje maji kamwe kwa kuyajaribu, wala msiingie uwanja wa mtu kwa nguvu.

5. Andikeni, msiseme tu. Barua iende kwa chifu, na nakala kwa ofisi ya NEMA ya kaunti na kwa mwakilishi wa wadi. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 35 cha Katiba chawapa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Basi ulizeni: kiwanda hiki kina leseni ya kumwaga majitaka? Kilipimwa lini?

6. Hudhurieni kabla ya jengo kusimama. Mradi mkubwa hautakiwi kuanza kabla ya kuandikwa taarifa ya athari zake kwa mazingira, na wananchi hupewa nafasi ya kutoa maoni. Msipeleke mtu mmoja anayependa soda ya mkutano. Pelekeni watatu, pamoja na mama anayechota maji, mwenye daftari mkononi. Waulize mambo matatu: Majitaka yatakwenda wapi? Nani atayapima? Mtambo ukiharibika, kazi itasimama au itaendelea?

7. Tuanze nyumbani. Oili chafu ya pikipiki na ya mashine ya kusaga iwekwe kwenye mtungi na kurudishwa gereji. Betri kuukuu isipasuliwe wala kuyeyushwa nyumbani kwa ajili ya kupata risasi ya nyavu. Mkebe wa dawa ya mimea usioshwe mtoni. Tukifanya hivyo, tutakuwa na uso wa kusema na walio juu.

8. Tafuteni maji ya pili. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri kutoka paa la mabati hayapiti kwenye kiwanda chochote. Kikundi kinachochanga kwa zamu kujenga tangi kila nyumba kimepata msaada ambao hauwezi kuchafuliwa na mtu wa mbali.

Kumalizia

Mama yule aliyeuliza swali alisikiliza yote, kisha akasema: "Basi sisi twanywa adabu ya walio juu." Hatukuwa na la kuongeza. Walio Mukuru wanywa adabu ya mtaa wa viwanda. Walio Makueni na Malindi wapokea adabu ya Nairobi. Nasi tunayo nafasi ambayo Nairobi iliipoteza zamani, ya kuulinda mto kabla haujaharibika.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, maji ya kunywa yatoka wapi, na ni nani aliye juu yetu?

2. Kuna uchafu gani ambao kuchemsha huuondoa? Ni upi ambao hakuuondoi? Kila mtu ataje mmoja mmoja.

3. Kiwanda kikija kesho na kutoa kazi 50, tutakiuliza maswali gani kabla ya kukubali?

4. Je, kuna kikundi upande wa pili wa mpaka, kando ya Umba, ambacho twaweza kukitembelea? Nani atakwenda, na lini?